Magma na Mabamba: Mfano wa Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Utangulizi

Walimu wa Kiswahili hushirikishwa mara kwa mara katika kutafsiri na kuhariri matini za sayansi. Katika matini za jiografia huweza kukutwa sentensi kama hii: "Mabamba ya dunia yanaelea juu ya magma." Kisarufi sentensi hiyo haina kasoro; kisayansi inapotosha. Makala haya yananuia kueleza uhusiano uliopo kati ya magma ya mabara na mwendo wa mabamba. Mfano wetu ni pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia mdomo wa mto Ruvuma, kupitia Palma na Mocímboa da Praia, hadi visiwa vya Quirimbas. Hapo Kiswahili, Kimwani na Kimakonde husikika kila siku, ingawa sayansi shuleni hufundishwa zaidi kwa Kireno.

Istilahi za msingi

Bamba ni kipande kikubwa cha tabaka gumu la nje la dunia. Magma ni mwamba ulioyeyuka ungali chini ya ardhi. Ukishatoka juu huitwa lava, au zaha. Chini ya mabamba hakuna bahari ya magma. Kuna mwamba wenye joto kali ambao bado ni yabisi, lakini husogea polepole mno, mithili ya nta iliyopata joto. Mwamba huo huyeyuka mahali maalumu tu, kwa sababu kuu tatu: kuongezewa joto, kupunguziwa mgandamizo, au kuingiwa na maji yanayoshusha kiwango chake cha kuyeyuka. Mara nyingi mwendo wa mabamba ndio unaoleta hali hizo. Kwa hiyo magma ni matokeo ya mwendo huo kuliko kuwa kitu kinachobeba mabamba.

Mabamba yanapogongana

Ukitoka pwani kuelekea bara, utaona vilima vya mawe vilivyosimama peke yake katika nchi tambarare. Vingi ni vya itale na naisi. Miamba hii ni sehemu ya ukanda ambao mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes aliupa jina la Ukanda wa Msumbiji mwaka 1951. Ukanda huo ni mabaki ya milima iliyoinuka pale vipande vya mabara vilipogongana na kuunda bara kuu la Gondwana, kati ya miaka milioni 650 na 500 hivi iliyopita. Ganda la dunia lilipokunjamana na kuwa nene, sehemu zake za chini zilipata joto na kuyeyuka. Magma hiyo ilipoa polepole kilindini, ikawa itale. Milima yenyewe imekwisha kumomonyoka. Tunachokiona leo ni mizizi yake.

Mabamba yanapopishana

Gondwana ilianza kuvunjika miaka milioni 180 hivi iliyopita. Kusini mwa Msumbiji, kwenye milima ya Lebombo, mpasuko huo uliandamana na mmiminiko mkubwa wa lava. Kaskazini mambo yalikuwa tofauti. Madagaska, iliyokuwa imeungana na pwani ya Afrika Mashariki, iliachana nayo na kuteleza kuelekea kusini hadi miaka milioni 120 hivi iliyopita. Ukingo wa Cabo Delgado ulikuwa wa kupishana. Mabamba yanapopishana mgandamizo haupungui sana, na magma huwa haba. Tangu hapo Ruvuma na mito mingine imerundika mashapo mazito baharini, ambamo gesi asilia iligunduliwa kuanzia mwaka 2010. Kama mabamba yangeelea juu ya magma, ufa mrefu namna hii ungepaswa kujaa volkeno kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mabamba yanapotanuka

Afrika Mashariki inaendelea kutanuka, kwa milimita chache tu kila mwaka. Wanajiolojia hutambua hata bamba dogo linaloitwa Rovuma, lililo kati ya bamba kuu la Afrika na lile la Somalia. Penye kutanuka ganda huwa jembamba, mgandamizo hupungua, na mwamba ulio chini huweza kuyeyuka. Oldoinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ni zao la Bonde la Ufa. Ng'ambo ya Cabo Delgado, Karthala ya Ngazidja ni volkeno hai. Mwezi Mei 2018 mfululizo wa matetemeko ulianza karibu na Mayotte, na mwaka 2019 watafiti wakakuta volkeno mpya chini ya bahari, yapata kilomita 50 mashariki mwa kisiwa hicho.

Kumbukumbu ya mabara

Sakafu ya bahari kuu huzama na kurejea vilindini, hivyo karibu yote ina umri usiozidi miaka milioni 200. Mabara hayazami kwa urahisi. Kwa sababu hiyo habari za nyakati za kale zaidi hutafutwa katika miamba yake, hasa katika chembe za zirkoni zilizomo ndani ya itale. Urani iliyomo humo hugeuka risasi kwa kasi inayojulikana, na hivyo umri hupimwa. Miamba ya Geita na Mwanza, yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5, inatokana na enzi ambapo dunia ilikuwa na joto zaidi. Iwapo wakati huo mabamba yalikwenda kama leo ni suala ambalo wataalamu bado wanalijadili.

Hitimisho

Sentensi tuliyoanza nayo ingeweza kusahihishwa hivi: "Mabamba husogea juu ya mwamba yabisi wenye joto kali, magma hutokea pale tu mwamba unapopata hali ya kuyeyuka." Ni ndefu zaidi, lakini mwanafunzi wa Palma anayeisoma ataweza kueleza kwa nini Ngazidja kuna volkeno na kwao hakuna. Mhariri wa matini za sayansi hana budi kuuliza kwanza kitenzi kinadai nini. Katika mfano huu, kosa lote lilikuwa ndani ya neno "yanaelea".