Kabla ya kununua spika za masikioni, pima sikio lako kwanza

ABIRIA anayepanda matatu mjini Nakuru kuelekea Nairobi aghalabu huwa hajaketi vyema kabla ya mchuuzi kumfikia dirishani. Mkono mmoja umebeba maji ya chupa na njugu; begani linaning'inia shada la nyaya nyeusi na nyeupe. Hizo ni spika ndogo za kutia masikioni, ambazo wengi wetu huziita iyafoni. Bei hutajwa, abiria hukataa, bei hushuka, na gari linapong'oa nanga biashara imekwisha kukamilika. Wiki mbili baadaye upande mmoja umekufa.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua jozi nne za namna hiyo katika muda wa mwaka mmoja, kila jozi kwa shilingi 150. Ya mwisho ilinyamaza kabla hata gari halijafika Gilgil. Shilingi 600 zilizotoka mfukoni kidogo kidogo zingetosha kununua jozi moja ya maana. Hata hivyo, hasara ya fedha ndiyo ndogo katika jambo hili. Iliyo kubwa hulipwa na sikio, na haina risiti.

Tuanze na hilo, kwa maana ndilo linalopaswa kuongoza uamuzi wa mnunuzi. Ndani ya matatu mna ngurumo ya injini, upepo wa dirishani, redio ya dereva na mazungumzo ya abiria. Anayetaka kusikiliza wimbo au mahubiri yake hana budi kupandisha sauti hadi ishinde kelele hizo zote. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa wiki bila kuhatarisha masikio yake. Sauti ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa nne kwa wiki. Ikifika desibeli 100, ni dakika 20 tu. Sababu ni kwamba kila desibeli tatu zinazoongezwa hufanya nguvu ya sauti iwe maradufu, na muda ulio salama hupungua nusu. Mwaka wa 2022 shirika hilo lilikadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni moja duniani wamo hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya mazoea haya. Chembe za sikio la ndani zinazopokea sauti hazioti tena zikifa.

Kwa hivyo spika iliyo bora kwa msafiri ni ile inayomwezesha kusikia vizuri kwa sauti ya chini. Wenye kupiga kwa kishindo wasikushawishi. Na linaloamua jambo hilo, kuliko jina la kampuni na kuliko bei, ni namna spika inavyokaa katika tundu la sikio.

Spika za masikioni ni za aina mbili. Zipo zile ngumu za plastiki zinazoning'inia mlangoni mwa sikio, na zipo zile zenye mpira laini unaoingia ndani kidogo na kuziba. Aina ya kwanza huruhusu kelele zote za nje kuingia, kwa hiyo mwenye kuivaa safarini hupandisha sauti apende asipende. Aina ya pili, mpira ukikaa sawasawa, hufanya kazi ya kizibo: ngurumo ya gari hupungua hata kabla wimbo haujaanza. Wanunuzi wengi hulalamika kwamba spika zao hazina besi. Mara nyingi besi imo, ila inavuja, kwa sababu mpira ni mdogo kuliko tundu la sikio au ni mkubwa mno usiweze kuingia.

Ndiyo maana pakiti isiyokuwa na mipira ya ukubwa wa namna tatu, mdogo, wa kati na mkubwa, haifai hata ikiwa bei yake inavutia. Jaribu yote mitatu. Usishangae ukigundua kwamba sikio la kulia linataka mpira wa kati na la kushoto linataka mkubwa. Masikio ya mtu mmoja hayalingani daima. Unapovaa, pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio kwa upole kwenda juu na nyuma, kisha sukuma spika taratibu na uachilie. Tundu la sikio hunyooka linapovutwa hivyo, na mpira hukaa mahali pake. Kisha sema neno moja kwa sauti yako ya kawaida. Ukijisikia kama mtu anayesemea ndani ya mtungi, mpira umeziba.

Kuna jambo moja ambalo wasafiri wa Bonde la Ufa wanalijua bila kulitilia maanani. Ziwa Naivasha liko takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, lakini barabara ya kuelekea Nairobi hupanda hadi zaidi ya mita 2,400 kabla ya kushuka Limuru. Upande wa pili, anayetoka Nakuru kwenda Eldoret hupita Timboroa, ambako ni zaidi ya mita 2,700. Hewa hubadilika, masikio huziba, na sauti ya spika huonekana kufifia. Abiria hudhani simu ina hitilafu, akapandisha sauti. Dakika chache baadaye masikio yanafunguka ghafla, na ule wimbo uliokuwa mnong'ono sasa ni nyundo. Katika miinuko hiyo, toa spika masikioni, meza mate au piga miayo, kisha uzirudishe ukiwa umefunguka. Usiguse kitufe cha sauti.

Tuje sokoni. Biashara hii imenawiri zaidi tangu kampuni kubwa za simu zilipoacha kutia spika katika sanduku la simu mpya. Apple ilifanya hivyo mwaka wa 2020, na Samsung ikafuata mwaka wa 2021 kwa simu zake za hadhi ya juu. Pengo hilo lilijazwa na bidhaa ghushi. Mfano ulio wazi ni spika zenye maandishi ya AKG, zilizotoka pamoja na simu ya Galaxy S8 mwaka wa 2017. Nakala zake ziko kila pembe ya Afrika Mashariki, zenye nembo ileile na waya unaofanana, lakini ndani yake mna kitu kingine kabisa. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008, na Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) lina alama yake, lakini afisa wa serikali hatasimama nawe dirishani mwa matatu. Nembo inayojulikana ikiuzwa kwa bei ya sahani ya chipsi, amini bei, usiamini nembo.

Njia ya kujilinda ni kujaribu kabla ya kulipa, na kipimo kizuri hakigharimu chochote. Chomeka spika katika simu yako, tafuta redio na usikilize mtangazaji akisoma habari. Sauti yake inapaswa kusikika katikati ya kichwa chako, kama kwamba amesimama baina ya masikio mawili. Ikielemea upande mmoja, kiwambo kimoja ni dhaifu kuliko mwenzake. Ikiwa inaonekana kutawanyika, kana kwamba inatoka kisogoni na haina kifua, huenda nyaya za upande mmoja zimelehemiwa kinyume: kiwambo kimoja kinasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta. Kosa hili hupatikana katika spika za bei ya chini, na wengi huishi nalo wakidhani ndivyo spika za bei rahisi zilivyo.

Lipo kosa jingine linalofanana na hilo lakini si la spika. Ukisikia ala za muziki vizuri ilhali mwimbaji yuko mbali kama aliye kisimani, bonyeza na ushikilie kitufe kilicho kwenye waya. Mwimbaji akirudi, tatizo ni mpangilio wa pete zile nne za chuma kwenye kichomekeo. Simu za zamani, hasa za Nokia, zilifuata mpangilio tofauti na ule wa simu za sasa. Spika ni nzima, ila haielewani na simu yako. Irudishe uchukue nyingine.

Halafu ukiwa bado unasikiliza, pinda waya taratibu mahali panne: karibu na kichomekeo, pale unapogawanyika, na chini ya kila spika. Hapo ndipo nyaya hukatikia. Sauti ikikwaruza au kukatika dukani, nyumbani haitapona.

Yaliyoandikwa kwenye sanduku yapite haraka. Karibu kila pakiti hudai kwamba spika inatoa sauti kuanzia hezi 20 hadi kilohezi 20, ambazo ndizo pembe za usikivu wa binadamu. Hiyo ni sawa na kuambiwa kwamba gari lina magurudumu manne. Nambari moja tu ina faida: ile ya omu. Kwa simu ya kawaida, omu 16 au 32 zinatosha; ikizidi sana hapo, simu inaweza kushindwa kuisukuma. Neno "besi ya ziada" ni onyo. Besi iliyovimbishwa hufunika maneno ya mtangazaji, nawe utapandisha sauti ili umsikie.

Je, ununue za waya au zile zinazotumia Bluetooth? Vijana wamekwisha kuamua, na mwandishi hatashindana nao. Lakini kwa mwenye fedha chache, waya ungali na hoja nzito. Betri iliyomo ndani ya spika isiyo na waya ni ndogo kama punje, hudhoofika baada ya miaka michache ya kuchajiwa, na ni shida kuibadilisha. Ukidondosha upande mmoja pale stendi, umebaki na nusu. Isitoshe, katika simu nyingi redio ya FM hutumia waya wa spika kama eriali. Mkulima wa Molo au Njoro anayependa kusikiliza Inooro FM au Kass FM akiwa shambani hatapata redio hiyo kupitia Bluetooth peke yake, isipokuwa simu yake ina eriali ya ndani au awe na bando za intaneti za kupoteza. Kwa upande mwingine, baadhi ya simu za sasa hazina tundu la duara. Mwenye simu hiyo atafute spika zenye kichomekeo cha Type-C, na azijaribu kwenye simu yake mwenyewe, kwa kuwa si kila kichomekeo cha aina hiyo huelewana na kila simu.

Aliye na shilingi 500 atafute za waya zenye mipira mitatu, waya mnene usio na mapambo, na duka lenye mlango, ambalo kesho litakuwa palepale. Aliye na shilingi 1,500 anaweza kudai zaidi: risiti, muda wa dhamana ulioandikwa, na jina la kampuni ambalo muuzaji yuko tayari kulisimamia. Anayeweza kukusanya shilingi 3,000 au zaidi kidogo ana bahati ya zama hizi. Viwanda vya China hutengeneza spika kama KZ ZSN Pro au 7Hz Salnotes Zero ambazo huuzwa huko nje kwa takriban dola 20, na watu waliozipima kwa mitambo wamezisifu mbele ya nyingine za bei maradufu. Ubora wake kwa watu wetu haumo katika sauti peke yake. Waya wake huchomoka. Ukikatika, unanunua waya, hununui spika. Huagizwa mtandaoni, kwa hivyo piga hesabu ya usafirishaji na kodi kabla ya kubonyeza kitufe.

Ukishanunua, weka kiwango chako nyumbani, usiku kukiwa kimya: chagua sauti unayoifurahia, tazama ni vipimo vingapi kwenye simu, na ufanye huo uwe mpaka wako. WHO hushauri isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu. Ukilazimika kuuvuka mpaka huo ndani ya matatu, badilisha mpira kabla ya kugusa sauti. Masikio yakilia baada ya safari, sauti ilizidi. Mlio usipokoma baada ya siku moja au mbili, nenda hospitali.

Hapa lazima ikubaliwe kwamba kizibo kinacholinda sikio huficha pia honi. Mwendesha bodaboda asizivae kabisa. Anayevuka barabara kuu pale Salgaa au Gilgil azitoe zote mbili, kwani lori linaloshuka mteremko halitamngoja amalize wimbo.

Na upande mmoja ukianza kusikika hafifu, usikimbilie kwa mchuuzi. Vua mpira uutazame ule wavu mdogo ulio chini yake. Mara nyingi umezibwa na nta ya sikio. Uelekeze chini, upanguse kwa mswaki mkavu wenye nywele laini, na uoshe mpira kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Uache ukauke kabisa kabla ya kuurudisha. Ikiwa ni waya uliokatika karibu na kichomekeo, fundi wa simu mwenye mkono mwepesi anaweza kukata kipande hicho na kulehemu kichomekeo kipya. Mwulize bei kwanza. Kwa spika za shilingi 150 haina maana. Kwa zile za shilingi 1,500 utakuwa umeokoa sehemu kubwa ya fedha zako.