Je, Wajua? Kabureta Hudanganywa na Mlima

Ili lita moja ya petroli iungue sawasawa, injini huvuta hewa ya kujaza matangi tisa ya lita 1,000. Hesabu hiyo ni ya Dar es Salaam, usawa wa bahari. Kerende, kijiji cha Tarime kilicho jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, matangi tisa hayatoshi. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na Mto Mara unapita Kerende ukiteremkia huko ziwani, kwa hiyo kijiji kiko juu zaidi. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 12 hivi au zaidi, na matangi yanapita kumi. Anayejiundia pikapu ya kubebea mizigo katika milima ile, chesesi kutoka huku, injini ya petroli kutoka kule, lazima aamue nani atamhesabia hewa hiyo: kabureta au nozeli.

Kabureta ni ndugu wa lile bomba la mkono la kupulizia dawa ya mbu. Hewa ikipitishwa kwenye koo jembamba hukimbia, na inapokimbia mkandamizo wake hushuka. Petroli iliyotulia kwenye bakuli kando ya koo hufyonzwa kupitia tundu dogo, jeti, ikatoka imetawanyika kama ukungu. Boya linaelea ndani ya bakuli, kama lile la tangi la choo: petroli ikipungua linashuka na kufungua njia, ikijaa linapanda na kuziba. Hakuna waya wala sensa. Wilhelm Maybach, Mjerumani, alitengeneza kabureta ya jeti mwaka 1893, na ile iliyo kwenye bodaboda nyingi za kijijini bado inafuata wazo lilelile. Mimi naiona kuwa mojawapo ya mashine nzuri kuliko zote alizowahi kubuni binadamu, kwa sababu hewa yenyewe ndiyo inayofanya kazi.

Ila kabureta haipimi uzito wa hewa. Inasikia mvuto tu. Injini inataka gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli, na mlimani hewa inapokuwa nyepesi petroli inayofyonzwa haipungui kwa kiasi kinacholingana na hewa iliyopungua. Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam ikifika Tarime humwaga petroli zaidi ya inayotakiwa kwa karibu asilimia 6 au 7. Plagi zinashika masizi, gari halikai sailensa vizuri, na mafuta yanakwisha kabla ya safari. Fundi anayejua ataweka jeti yenye tundu dogo zaidi. Gari likitulia, mwenye nalo asisahau kwamba siku atakayolishusha pwani na jeti hiyo, petroli itakuwa haba, injini itachemka na vali zinaweza kuungua.

Kuna pia mwinuko. Pikapu iliyojaa magunia ikipanda kilima kikali, petroli ndani ya bakuli inalala upande mmoja, boya linasoma uongo, na injini inapiga misi pale pale inapohitaji nguvu.

Nozeli haina bakuli wala boya. Pampu inasukuma petroli, na nozeli inaipuliza kwa muda uliopimwa. Katika mfumo wa umeme, sensa inapima hewa au mkandamizo wake, kontroli boksi inapiga hesabu, kisha nozeli inafunguka kwa sehemu chache tu za elfu ya sekunde. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inavuta hewa mara 25 kwa sekunde, na hesabu inafuata. Ukitoka Musoma ukapanda Tarime, hakuna wa kubadilisha jeti.

Wengi huogopa nozeli wakiamini ni kitu cha lami na cha mijini. Historia yetu wenyewe inakataa. Peugeot 404 ya injini ya nozeli, sentimita za ujazo 1,618, ilishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966, 1967 na 1968, enzi ambazo mbio hizo zilipita Kenya, Uganda na Tanzania wakati wa masika. Mwaka 1968 magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyeishi Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell. Pampu ya Kugelfischer ya gari lile ilizungushwa na injini yenyewe, bila kompyuta yoyote. Mwaka huo huo wa 1967 Bosch ilileta D-Jetronic, mfumo wa nozeli unaoongozwa kwa umeme, kwenye Volkswagen 1600.

Kwa hiyo matope si hoja. Hoja ni petroli na umeme. Petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara huja na vumbi, pengine na maji. Maji yakiingia kwenye kabureta yanakaa chini ya bakuli, na dereva wa bodaboda anafungua skrubu ya chini, anayamwaga, anaendelea. Kwenye nozeli yanapita hadi kwenye pampu na kuleta kutu. Tena pampu nyingi hukaa ndani ya tangi na hupozwa na petroli iliyomo. Tabia ya kuweka mafuta ya shilingi 5,000 na kutembea taa ikiwa imewaka ndiyo inayoziua. Betri nayo ikidhoofika, gari la kabureta linaweza kusukumwa likawaka. La nozeli halitawaka kama umeme hautoshi kuendesha pampu na kontroli boksi.

Mimi ningechagua nozeli kwa pikapu ya mizigo ya Kerende, kwa sharti moja: injini, waya, kontroli boksi na pampu vitoke vyote kwenye gari moja. Toyota iliitengeneza injini ya sentimita za ujazo 2,366 kwa namna zote mbili, 22R ya kabureta na 22R-E ya nozeli. Anayenunua 22R-E iliyokatwa waya, bila kontroli boksi wala pampu yake, amenunua chuma. Huyo na achukue 22R, aweke chujio safi na jeti ya mlimani.

Na vyovyote atakavyofunga, apakie mzigo, apande kilima kirefu, azime huko huko juu, kisha achomoe plagi. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, hewa na petroli vimekutana sawasawa. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, petroli ni haba; asiliendeshe gari tena kabla halijarekebishwa.