Uganda na Besiboli: Ushindi Uliozuiwa na Karatasi

Mtu aliyepata kuutazama mchezo wa besiboli, akipita alasiri katika mitaa ya Majengo, hapa Mpanda, akawaona mabinti wakicheza rede kwa mpira wa matambara, mmoja akijaza mchanga chupani na wenziwe wawili wakimlenga kutoka huku na huku, atakiri ya kuwa mkono wa kurusha na jicho la kulenga, ambavyo ndivyo asili ya mchezo ule, watoto wetu hawakunyimwa.

Nayasema haya kwa ajili ya jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2011 vijana wao wa Kampala, wenye umri wa miaka 11 na 12, walitwaa ubingwa wa Mashariki ya Kati na Afrika kwa kuishinda timu ya Dhahran, Saudia, wakastahili kwenda Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya watoto. Ila viza walinyimwa, kwa kuwa tarehe za kuzaliwa katika hati zao hazikuafikiana, na nafasi yao wakapewa wale wale wa Dhahran. Vijana wa Langley, Kanada, ambao wangekutana nao huko, walitenda jambo la murua: Januari 2012 waliwafuata Uganda, wakacheza nao.

Mwaka huo huo vijana wa Lugazi, Uganda, waliutwaa tena ubingwa, na safari hii wakafika, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Williamsport. Panama iliwashinda, Meksiko ikawalaza 12 kwa 0, lakini hawakuondoka mikono mitupu, kwani waliishinda timu ya Oregon, Marekani, 3 kwa 2. Mwaka 2015 wenzao wa Mpigi waliiangusha Jamhuri ya Dominika, taifa mashuhuri mno katika besiboli, 4 kwa 1.

Kwa rai yangu, kushindwa 12 kwa 0 si aibu. Huzuni ni ile ya 2011, ya haki iliyopatikana uwanjani ikapotea mezani. Nasi mchezo huu umetufikia: Tanzania ilipata uwanja wake wa besiboli mwaka 2018, katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, kwa auni ya Wajapani. Basi enyi wazazi wa Majengo, ili karatasi isije ikawazuia na watoto wetu, hima, wakatieni wana wenu vyeti vya kuzaliwa tangu wangali wachanga. Nayo halmashauri tunaiomba itutengee kiwanja kisichouzwa.