Radi ya Kisii na Vichwa vya Habari

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofifia karibu na Mafia, wapo wenzetu wa Pwani waliosema vyombo vya habari vilitutisha bure. Tusiyapime ya Kisii na Nyamira kwa kibaba hicho. Huko unyevu wa Ziwa Victoria hupanda milimani, na alasiri huzaa mvua ya mawe ichanayo majani ya chai na migomba, pamoja na radi ambayo imeua watu na mifugo mara nyingi. Ila tunaloliona, hata kwetu, ni kichwa cha habari chenye kishindo kisichotaja saa wala kata. Mama mwenye wanawe shambani ahitaji kuambiwa: ngurumo ikisikika, waingie nyumbani, wasijikinge chini ya mti.