Mbwa Ameondoka, Hofu Imebaki

Mama mmoja alinisimulia habari za sungura wa watoto wake, aliyekuwa akilala jikoni ndani ya kreti. Usiku mmoja mlango haukufungwa vizuri, mbwa koko akaingia na kuipindua kreti. Baba aliamka akamfukuza kwa ufagio. Sungura alikutwa nyuma ya gunia la mkaa, mzima, hana hata mkwaruzo. Watoto kwa furaha walipokezana kumbeba hadi usiku wa manane. Kesho yake hakula. Siku ya tatu akafa, na nyumba nzima ikabaki kuulizana: amekufa kwa nini, na mbwa hakumgusa?

Sungura ni mnyama anayewindwa na wengi. Mwewe, nguchiro, paka na mbwa wote wanamtamani, kwa hiyo mwili wake hushtuka upesi. Hata akiwa ametulia, moyo wake mara nyingi hupiga zaidi ya mara 180 kwa dakika, wakati moyo wa mtu mzima hupiga mara 60 hadi 100. Hofu kubwa yaweza kumwua palepale. Lakini mara nyingi madhara huja baadaye, kwa sababu hofu hupunguza mwendo wa matumbo. Utumbo wa sungura unatakiwa kufanya kazi mchana na usiku. Kutapika hawezi. Chakula kikisimama tumboni, hewa hujaa, maumivu humzidi, na kwa maumivu hayo anazidi kukataa chakula.

Basi jambo la kwanza ni kumwacha atulie. Sisi hudhani mkono wetu utamfariji kama unavyomfariji mtoto aliyeota ndoto mbaya, kumbe kwake mkono unaoshuka kutoka juu unafanana na mwewe. Mrudishe mahali pake pa kawaida, maadamu pana usalama. Zima redio, punguza taa, funika nusu ya kreti kwa gunia safi huku ukiacha hewa ipite. Mwekee boksi la katoni lenye matundu mawili, ili akifuatwa upande huu awe na njia ya kutokea upande wa pili. Kama ana mwenzake waliyezoeana, wasitenganishwe. Wala usimlaze chali kama watoto wengine wanavyopenda kufanya. Hunyamaza kweli, na watu husema amelala, kumbe amegandishwa na woga.

Ikiwa hapana budi kumwinua, usimshike masikio hata kidogo. Mkono mmoja upite chini ya kifua, wa pili ubebe makalio, naye aegemee mwili wako. Mifupa yake ni myepesi na miguu ya nyuma ina nguvu nyingi. Akirusha teke hewani anaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe.

Asubuhi usitazame sura yake tu, tazama sakafu ya kreti. Unataka kuona vinyesi vikavu vya mviringo, vingi kama siku zote. Mpe nyasi kavu, maji, na majani anayoyapenda kuliko yote. Zikipita saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi, au ukimwona amejikunyata akisaga meno, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kama ana tundu la jino la mbwa au paka, hata dogo, maana huingiza vijidudu ndani ya nyama. Na hapa nawasihi sana: msimpe vidonge vilivyobaki kabatini. Ampisilini na amoksilini, ambazo nyumba nyingi huzijua, sungura akizila huharibu vijidudu vyema vya utumbo wake na zinaweza kumwua.

Tusisahau watu wa nyumbani. Mbwa asiyejulikana anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Sungura aliyeng'atwa naye asishikwe kwa mikono mitupu. Mtoto aliyeng'atwa au kukwaruzwa na mbwa huyo aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asingojewe mpaka augue.

Jike mwenye watoto anahitaji subira zaidi. Akishtuka anaweza kuwakanyaga, hata kuwala. Msifunuefunue kiota. Jike hunyonyesha mara moja hivi kwa siku, dakika chache tu, kwa hiyo kutokumwona kiotoni si dalili kwamba amewatupa. Mtazame mara moja kwa siku: tumbo la kitoto likiwa limejaa, amenyonya.

Imani yake kwenu hurudi polepole, pengine baada ya siku, pengine baada ya wiki. Mlishe saa zilezile. Keti chini karibu naye ukifanya kazi zako, ukichambua mchele au ukishona, mpaka aje mwenyewe kukunusa. Umguse kwanza paji la uso. Siku utakayomkuta amejilaza ubavu, miguu ameinyoosha, ujue ametulia. Na usiku akipiga kishindo sakafuni kwa mguu wa nyuma, usimkemee. Amesikia kitu. Amka ukatazame komeo la mlango.