Vena za shingo na kizunguzungu cha sikio: nini kimethibitishwa?

Mtu huwa ameketi, na ghafla chumba kizima huanza kumzunguka. Sikio moja huziba na kuvuma, kichefuchefu humshika, naye hulazimika kulala chini. Baada ya saa kadhaa hali hutulia, lakini kila shambulio linapojirudia, uwezo wa kusikia huzidi kupungua. Hayo ndiyo maradhi ya Ménière, ambayo hadi leo hayajapatiwa tiba ya kuyaondoa kabisa.

Nchini Italia, baadhi ya madaktari wametoa hoja kwamba chanzo chake huenda kiko shingoni, katika vena zinazorudisha damu kutoka kichwani kwenda moyoni. Hoja hiyo imewapa matumaini wagonjwa waliochoka kusubiri. Hata hivyo, upasuaji unaotokana nayo una hatari zake.

Damu na majimaji ya sikio

Sikio la ndani limefichwa ndani ya mfupa mgumu wa fuvu. Lina sehemu yenye umbo la konokono inayohusika na kusikia, na mifereji mitatu iliyopinda inayolinda mizani ya mwili. Ndani yake kuna majimaji yaitwayo endolimfu. Mwaka 1938, watafiti wa Uingereza na Japani, kila upande kwa njia yake, waligundua kwamba majimaji hayo huwa yamezidi na kuvimbisha sikio la ndani la wagonjwa wa Ménière.

Damu huingia humo kwa ateri moja nyembamba. Hutoka kupitia vena ndogo zinazomwaga katika njia kubwa za damu chini ya fuvu, na kutoka hapo huteremka kwa vena kuu ya shingo iitwayo jugula. Wanaotetea hoja ya vena husema kwamba jugula ikiwa nyembamba, damu hukawia, shinikizo hurudi nyuma hadi sikioni, na majimaji hushindwa kufyonzwa ipasavyo.

Hoja iliyozaliwa Ferrara

Mwaka 2009, Profesa Paolo Zamboni wa Chuo Kikuu cha Ferrara alidai kwamba vena za shingo zilizobanwa huchangia multipo sklerosisi, maradhi yanayoharibu neva za ubongo na uti wa mgongo. Maelfu ya wagonjwa walisafiri nchi mbalimbali kupanuliwa vena kwa puto dogo. Baadaye madaktari wengine wa Italia waliihamishia hoja hiyo kwenye sikio, wakaeleza kwamba kwa kipimo cha ultrasaundi waliona kasoro za vena kwa wagonjwa wengi wa Ménière, na kwamba baadhi yao walipata nafuu baada ya upanuzi.

Lakini kipimo chenyewe kina utata. Mtu akisimama, jugula hujikunja yenyewe, na damu hupita njia nyingine. Pumzi na mkao wa shingo pia hubadilisha picha. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wembamba wa vena hizo ulikuwa karibu sawa kwa wagonjwa wa multipo sklerosisi na kwa watu wenye afya.

Mwaka 2017, Zamboni na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 115, ambapo baadhi walipanuliwa vena kikweli na wengine walifanyiwa upasuaji wa kuigiza bila wao kujua. Upanuzi haukuleta manufaa, nao wakahitimisha kwamba hauwezi kupendekezwa kwa wagonjwa hao. Tangu mwaka 2012, mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imetahadharisha kuhusu vifo, viharusi na madhara mengine yaliyofuata matibabu hayo.

Kwa Ménière, tahadhari ni kubwa zaidi. Mashambulio yake huja na kuondoka yenyewe, hivyo mgonjwa anaweza kupata nafuu baada ya tiba yoyote, hata isiyo na nguvu. Ndiyo maana simulizi za waliopona hazitoshi bila kundi la kulinganisha.

Panapojulikana wazi

Lipo tatizo moja la sikio ambalo uhusiano wake na vena haubishaniwi. Baadhi ya watu husikia mvumo unaokwenda sambamba na mapigo ya moyo. Kwa baadhi yao, damu inapita kwa msukosuko katika njia ya vena iliyobanwa karibu na sikio, na sauti hupungua wakibonyeza kidogo shingo upande huohuo. Mvumo wa namna hii unahitaji picha za kitabibu, kwani unaweza kuambatana na shinikizo kubwa ndani ya fuvu linalotishia macho.

Kwa mwenye kizunguzungu kinachojirudia, hatua ya kwanza ni daktari wa masikio na kipimo cha kusikia. Kizunguzungu kinachoambatana na udhaifu wa upande mmoja wa mwili, ulimi mzito au kuona vitu viwili kinahitaji hospitali papo hapo, kwani huenda ni kiharusi. Na anayeshauriwa kupanuliwa vena kwa ajili ya sikio ana haki ya kuuliza: je, tiba hii imelinganishwa na upasuaji wa kuigiza kwa wagonjwa wa Ménière?