Wiki Moja Shuleni: Fuata Pesa Yako Kuanzia Jumatatu Hadi Ijumaa

Mzazi, hebu fungua taarifa ya miamala ya simu yako ya mwezi uliopita. Wacha kodi ya nyumba, wacha nauli. Weka alama kila mahali pesa ilipotoka kwa sababu ya mtoto wa shule. Hamsini ya kuprinti. Mia mbili za ziara. Mia moja ya zawadi ya mwalimu anayehamishwa. Mia tatu za mtihani. Ukijumlisha, unaweza kushangaa, kwa maana hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuuma siku uliyoituma.

Karo ilifutwa katika shule za msingi za umma nchini Kenya Januari 2003. Tangu hapo serikali hutoa pesa za kila mwanafunzi, na kiwango kinachojulikana na wengi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Gawanya hizo kwa wiki za masomo utaona kwamba hazifiki shilingi 40 kwa wiki. Kwa hivyo hakuna muhula unaopita bila mzazi kuombwa aongeze kidogo. Kuongeza kidogo si tatizo. Tatizo huanza pale pesa inapotoka kwako na hakuna anayeweza kuonyesha ilifika wapi.

Basi tuifuate wiki moja ya kawaida shuleni, siku baada ya siku. Kila mara tutauliza maswali matatu tu: Pesa hii inaenda kwa nani? Imeandikwa kwa jina la mtoto gani? Nikiulizwa mwezi ujao, nitaonyesha nini?

Jumatatu: tangazo la gwarideni

Asubuhi bendera inapandishwa, wimbo wa taifa unaimbwa, mwalimu wa zamu anatoa matangazo. Wiki hii kuna ziara ya Gredi ya 4. Ikifika jioni, tangazo hilo limepitia midomo mingi. Mtoto mmoja anasema ni mia tano, mwingine mia saba, na kwenye kundi la WhatsApp la wazazi mtu ameshaandika nambari ya kutumia pesa.

Usikimbilie kutuma. Tangazo la pesa linafaa likufikie kwa njia mbili: barua ya shule au daftari la mtoto lililotiwa sahihi na mwalimu, kisha kundi la wazazi. Zikitofautiana, hata kwa tarakimu moja ya nambari, piga simu shuleni kwanza.

Angalia pia ni nambari ya aina gani. Paybill ya shule hupeleka pesa kwenye akaunti ya shule, na sehemu ya akaunti unaweza kuandika jina la mtoto au nambari yake ya usajili, kama shule ilivyoelekeza. Nambari ya mtu binafsi hupeleka pesa kwa mtu huyo. Labda ni mtu mwaminifu kabisa, lakini simu yake haijui kama mia tano zako ni za ziara au ni deni la sukari.

Na hapa sheria iko upande wako. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, inakataza kutoza karo ya masomo katika shule ya umma. Michango mingine inahitaji idhini, mtoto hafai kufungiwa nje kwa sababu haijalipwa, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuikusanya bila kutoa risiti rasmi. Wazazi wengi huona meseji ya simu na kudhani ndiyo risiti. Sivyo. Meseji inathibitisha kwamba pesa imetoka kwako. Risiti ya shule inathibitisha kwamba shule imeipokea, kwa ajili ya mtoto fulani, kwa kazi fulani. Unahitaji zote mbili. Kuomba risiti si kumshuku mwalimu. Unampa pia yeye kinga.

Jumanne: githeri ya saa saba

Chakula cha mchana ndicho malipo yanayorudi mara nyingi kuliko yote. Katika shule nyingi wazazi huleta mahindi na maharagwe, wengine hulipa pesa, na mpishi hulipwa kutoka mchango huohuo. Mzazi mmoja akichelewa, daftari la mwalimu linaonyesha, na mtoto anajua. Hakuna mzazi anayetaka mwanawe asimame kando ya foleni akiwa na sahani tupu wakati pesa ilitumwa Jumapili, ila ikaandikwa kwa jina la mtoto mwingine.

Jijini Nairobi, mpango wa Dishi na County ulioanza mwaka 2023 unaonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kurahisishwa. Mzazi huchangia shilingi 5 kwa kila mlo na hulipa kwa simu. Mtoto huvaa bangili yenye chipu mkononi. Akifika kwenye foleni anaigusisha kwenye kifaa, na mlo mmoja unakatwa kutoka salio lake. Hakuna sarafu za kupotea njiani, na hakuna mtoto mkubwa wa kumpora mdogo. Kwa siku tano ni shilingi 25, pungufu ya bei ya mandazi machache.

Shule yako ikiwa haina bangili, unaweza kuiga wazo lenyewe: pesa ifungwe kwa jina la mtoto tangu inapotoka kwako. Ukilipa kwa Paybill, andika sehemu ya akaunti kwa makini, kisha isome tena kabla ya kuweka PIN. Ukikosea hapo, pesa haijapotea. Imefika shuleni lakini imekaa kwa jina lisilo lake. Usihangaike kuomba irudishwe. Mpelekee mhasibu au mwalimu mkuu ile kodi ya muamala, yaani zile herufi na tarakimu kumi zilizo mwanzoni mwa meseji ya M-Pesa, aihamishe.

Ukikosea nambari ya simu ukatumia mtu usiyemjua, hiyo ni habari nyingine. Kwa M-Pesa, tuma ile meseji ya uthibitisho kwa 456 papo hapo, kabla aliyepokea hajaitoa. Usimpigie kwanza kumbembeleza. Kila dakika ina thamani.

Jumatano: saiba na PIN ya nyumbani

Mtaala wa CBC umeleta desturi mpya mitaani: mzazi kusimama saiba saa moja usiku, akisubiri picha ya ng'ombe iprintiwe. Hapa malipo ni madogo na ya haraka, na haraka ndiyo humfanya mtu akosee. Ukilipa kwa Till, subiri jina la biashara litokee kwenye skrini, kisha ulitazame. Ikiwa jina si la duka unaloliona mbele yako, uliza kabla ya kukubali. Kwa malipo ya mtu kwa mtu, kumbuka pia kwamba M-Pesa haikutozi ada ya kutuma shilingi 100 au chini ya hapo, kwa hivyo huna haja ya kumpa mtoto noti abebe kwenye soksi.

Jumatano ndiyo siku pia ya kujiuliza swali ambalo wazazi wengi hulikwepa: nani mwingine nyumbani anajua PIN yako? Watoto wanajifunza kwa kutazama. Unamwambia, "Hebu nilipie hapo, mikono yangu ina unga," mara moja tu, na ameshaishika. Mtoto hana nia mbaya, lakini akicheza na simu na mtu ampigie akijifanya mhudumu, ataisoma hiyo PIN kama anavyosoma shairi darasani. Ibadilishe leo. Mwambie pia sababu: PIN haisemwi kwa mtu yeyote, hata kwa mwalimu, hata kwa anayesema anapiga kutoka kampuni ya simu.

Alhamisi: simu ya saa nne asubuhi

Huu ndio ulaghai unaowapata wazazi wenye akili timamu kabisa, kwa sababu haulengi tamaa. Unalenga mapenzi.

Simu inaita. "Mama, mimi ni mwalimu wa zamu. Mtoto ameanguka uwanjani, ameumia kichwa. Tuko hospitali, daktari anataka elfu tatu na mia tano ndipo aanze kumshughulikia. Tuma kwa hii nambari, ya daktari. Na ya kutolea." Nyuma unasikia kelele za watu. Mara nyingine anataja jina la mtoto na darasa lake.

Alilipata wapi jina hilo? Si lazima awe mchawi. Picha ya mtoto akiwa na sare yenye nembo ya shule, jina kwenye cheti ulichoweka mtandaoni, orodha ya waliolipa ziara iliyosambazwa kutoka kundi moja hadi jingine. Yote hayo ni habari ya bure kwa mwizi.

Dawa yake ni moja, na haihitaji ujuzi wowote. Kata simu. Mpigie mwalimu wa darasa kwa nambari uliyoihifadhi siku mtoto alipoandikishwa. Asiposhika, mpigie mwalimu mkuu. Asiposhika, mpigie mzazi anayeishi karibu na shule aende mbio. Tapeli atafanya kila hila usikate simu, na hiyo ndiyo alama yake. Mwalimu wa kweli hatakasirika ukisema, "Nakata, nakupigia kwa nambari yako ya kawaida."

Nambari hizo tatu zihifadhi leo, wakati mtoto yuko salama. Na ikiwa wewe ni mteja wa Safaricom, tuma nambari ya tapeli kwa 333, ni bure. Usipofanya hivyo, atampigia mzazi mwingine kabla ya saa sita.

Ijumaa: mchango wa darasa

Wiki haiishi bila jambo. Mwanafunzi mmoja amefiwa na baba. Kabla ya gwaride la jioni, mwakilishi wa wazazi ameandika kwenye kundi: tuchange mia mbili mbili, tumeni kwa laini yangu. Wazazi 32 wanatuma. Jumla ni shilingi 6,400. Kila mtu ameguswa, kila mtu amefanya haki.

Sasa tuseme mwakilishi huyo alikuwa amefuliza elfu mbili Jumanne kununua unga na gesi. Pesa yoyote ikiingia kwenye laini yenye deni la Fuliza, deni hujilipa lenyewe kwanza. Wazazi kumi wa kwanza wametuma mia mbili zao, na salio lake bado ni sifuri. Hakuiba hata shilingi. Hakubonyeza chochote. Lakini pesa ya matanga imelipa unga wake, na Jumamosi asubuhi anatakiwa aipeleke yote kwa familia iliyofiwa. Atasemaje kwenye kundi? Nani atamwamini? Jina zuri lililojengwa kwa miaka mitano linaweza kubomoka kwa mchango mmoja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mchango wa darasa, daftari lenyewe ni hili:

1. Tumieni laini ambayo haina deni lolote na haitumiwi kwa mambo ya nyumbani, au akaunti ya kikundi benki yenye Paybill. Laini ya mwakilishi iwe njia ya mwisho.
2. Wekeni watu wawili: mmoja anapokea pesa, mwingine anaandika orodha. Kila jina liambatane na kiasi na kodi ya muamala.
3. Usikubali picha ya skrini kuwa ushahidi. Picha huhaririwa kwa dakika moja. Anayepokea athibitishe kwa salio na kwa taarifa ya laini yake.
4. Nambari ya kupokea ikibadilika katikati ya mchango, simameni. Mtu anaweza kuteka akaunti ya WhatsApp ya mwakilishi kwa kumwomba ile kodi ya tarakimu sita iliyoingia kwenye simu yake, kisha akaandika kwa jina lake, "Laini yangu ina shida, tumeni kwa hii." Mpigieni kwa sauti kabla ya mtu yeyote kutuma.
5. Fungeni mchango kwa tarehe na ripoti: kilichoingia, ada iliyokatwa, kilichokabidhiwa, na nani alishuhudia. Ikibaki hata shilingi 40, ziandikwe.

Kuna kitu kingine ambacho hakimo kwenye orodha. Kuna mzazi ambaye hana mia mbili wiki hii. Orodha ya waliolipa ikibandikwa kila saa, jina lake ambalo halipo linapiga kelele kuliko yote 32. Orodha kamili ikae kwa wale watu wawili. Kwenye kundi iende jumla peke yake. Kila aliyechanga ana meseji yake na anaweza kuuliza kwa faragha. Uwazi wa pesa hauhitaji aibu ya mtu.

Kabla ya Jumatatu nyingine

Jumapili jioni, sare zikiwa kwenye kamba, tenga dakika kumi. Pitia meseji za wiki. Malipo ya shule yaandike nyuma ya daftari la mtoto: tarehe, kiasi, kazi yake, kodi ya muamala. Kama kuna risiti ambayo hujapewa, andika kikaratasi ukiweke kwenye begi, mtoto ampe mwalimu asubuhi. Kama kuna malipo usiyoyakumbuka kabisa, usilale nayo. Uliza huduma kwa wateja usiku huohuo.